Mtoto Atoke au Abaki? Wajibu wa Mlezi wa Mchana Anapokwenda Dukani, Sokoni na Matembezini

Ni saa nne asubuhi. Mama anayelea watoto watano wa majirani, wakati wazazi wao wakiwa kazini, anagundua kuwa mtungi wa gesi umekwisha na uji wa watoto bado haujachemka. Duka la gesi liko ng'ambo ya barabara kuu. Mtoto mdogo kuliko wote ana umri wa miezi minane na amelala. Mkubwa wao ana miaka minne, naye tayari amevaa kandambili akisubiri kutoka. Mlezi ana njia tatu mbele yake: kuwaacha watoto ndani akakimbia mara moja, kuwachukua wote watano akavuka nao barabara, au kutafuta namna ya kupata gesi bila kuondoka.

Hali ya namna hii huwakuta walezi kila siku, mijini na vijijini, na mara nyingi uamuzi hufanyika ndani ya dakika moja. Ndiyo maana swali la iwapo mlezi anapaswa kutoka na watoto anaowalea linastahili kujibiwa mapema, kabla gesi haijakwisha na kabla mtoto hajaanza kulia.

Jibu lake linategemea safari yenyewe. Matembezi yaliyopangwa kwa manufaa ya mtoto, yenye walezi wa kutosha na ridhaa ya mzazi, ni sehemu ya malezi bora. Safari inayofanywa kwa sababu ya shughuli za mlezi mwenyewe, huku mtoto akiburutwa nyuma kwa kuwa hakuna wa kubaki naye, ni jambo la kuepukwa kadiri inavyowezekana. Kumwacha mtoto mdogo peke yake, hata kwa dakika chache, si njia mbadala inayokubalika.

Walezi wanaohusika

Huduma ya kulea watoto wakati wa mchana nchini hutolewa kwa namna nyingi. Vipo vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vinavyoendeshwa na watu binafsi, taasisi za dini, mashirika na jamii. Wapo kina mama wa mitaani wanaopokea watoto wa majirani kwa malipo ya siku au ya mwezi. Wapo wasaidizi wa kazi za nyumbani ambao, pamoja na kupika na kufua, ndio wanaobaki na mtoto kuanzia asubuhi hadi jioni. Vilevile wapo bibi, shangazi na ndugu wengine wanaolea bila malipo yoyote.

Wote hao wanakutana na swali lilelile, ingawa wajibu wao hautofautiani kwa jina bali kwa mazingira. Kituo chenye walezi kadhaa kinaweza kumtuma mmoja sokoni na wengine wakabaki na watoto. Msaidizi wa nyumbani aliye peke yake hana nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo, utaratibu unaofaa kituoni hauwezi kuhamishiwa nyumbani bila marekebisho. Hata hivyo, msingi wake ni mmoja, nao ni usalama na maslahi ya mtoto.

Sheria inavyoelekeza

Kwa upande wa Tanzania Bara, jambo hili linaongozwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18 na kuelekeza kwamba maslahi bora ya mtoto yazingatiwe kwanza katika kila jambo linalomhusu. Kwa upande wa Zanzibar, ipo Sheria ya Mtoto Na. 6 ya mwaka 2011. Sheria ya Tanzania Bara imeweka pia masharti kuhusu vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, ambavyo vinatakiwa kusajiliwa na kufanya kazi chini ya usimamizi wa mamlaka za ustawi wa jamii.

Aidha, Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991 na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2003. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Kimataifa kinatambua haki ya mtoto kupumzika, kucheza na kushiriki shughuli za burudani zinazolingana na umri wake. Maana yake ni kwamba kumfungia mtoto ndani siku nzima, eti kwa ajili ya usalama wake, hakukidhi haki hiyo. Sheria na mikataba hii haimtaki mlezi achague kati ya usalama na uhuru wa mtoto kucheza na kujifunza. Inamtaka atimize yote mawili kwa pamoja.

Mwezi Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomlenga mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Programu hiyo imejengwa juu ya maeneo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, pamoja na ulinzi na usalama wa mtoto. Suala la kutoka na mtoto linagusa maeneo yote matano kwa wakati mmoja. Mtoto aliyepelekwa matembezini anajifunza; lakini pia anaweza kukosa mlo wake, kukosa usingizi wake, kupata ugonjwa au kuumia iwapo aliyempeleka hakujiandaa.

Anachopata mtoto anapotoka

Mtoto mdogo hujifunza kwa macho, masikio na mikono yake. Matembezi ya nusu saa kuzunguka mtaa humpa maneno ambayo picha za ukutani haziwezi kumpa. Sokoni anaona nyanya, bamia, dagaa na ndizi mbichi. Anajifunza kuhesabu machungwa yaliyopangwa kwa mafungu. Anasikia namna watu wanavyosalimiana, wanavyopatana bei na wanavyoshukuru. Njiani anajifunza kusimama, kutazama na kusubiri. Mtoto aliyezoea kushikwa mkono na kuelezwa kwa nini barabara haivukwi ovyo anaanza kujenga tabia itakayomlinda atakapoanza kwenda shule kwa miguu.

Kadhalika, mwendo na hewa ya nje vinaimarisha mwili wake. Kuona watu wa rika mbalimbali kunamfundisha kuishi na wengine, na hilo lina uzito wa pekee kwa mtoto anayelelewa katika nyumba yenye geti lililofungwa kutwa. Ndivyo malezi ya asili yalivyokuwa katika jamii nyingi za Kitanzania: mtoto alikwenda na wakubwa kisimani, shambani na msibani, akijifunza kwa kuona. Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Tofauti ni kwamba njia za zamani hazikuwa na magari mengi kama ilivyo sasa, na watu waliokutana na mtoto njiani walimjua kwa jina na kwa ukoo. Mlezi wa leo katika mji mkubwa anapita na mtoto katikati ya watu asiowajua. Faida za matembezi zimebaki zilezile, lakini hatari zimeongezeka.

Hatari zinazopaswa kupimwa

Hatari ya kwanza ni barabara. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kusababisha vifo vya watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Mtoto mdogo ni mfupi, hivyo dereva humwona kwa shida akiwa nyuma ya gari lililoegeshwa. Bado hana uwezo wa kukadiria kasi ya gari linalokuja, na akiona kitu kinachomvutia upande wa pili anaweza kuchomoka ghafla. Mlezi mwenye mikono miwili anaweza kuwashika watoto wawili. Akiwa na kikapu mkono mmoja, anabaki na uwezo wa kumshika mtoto mmoja tu. Hesabu hiyo ndogo inatosha kuonesha kwa nini mlezi mmoja hawezi kuvuka barabara kwa usalama akiwa na watoto watano.

Hatari ya pili ni chombo cha usafiri. Walezi wengi hutumia bodaboda kwa kuwa ni nafuu na hufika haraka. Hata hivyo, kanuni zinazosimamia usafirishaji kwa pikipiki hazimruhusu mwendesha bodaboda kubeba mtoto mwenye umri chini ya miaka tisa. Mtoto aliyewekwa mbele ya dereva juu ya tangi la mafuta, au aliyebanwa katikati ya dereva na mlezi, hana kinga yoyote chombo kinapofunga breki ghafla. Ndani ya gari dogo, mtoto anapaswa kukaa kiti cha nyuma, katika kiti maalumu kinacholingana na umri wake panapowezekana. Kumpakata kiti cha mbele ni kumweka mahali pa hatari zaidi.

Nchi imewahi kulipa gharama kubwa katika safari za watoto. Tarehe 6 Mei 2017, basi dogo lililokuwa limebeba wanafunzi wa shule ya msingi kutoka jijini Arusha kwenda kufanya mtihani wa pamoja katika shule nyingine lilitumbukia korongoni wilayani Karatu. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walipoteza maisha. Mwezi Aprili 2024, wakati wa mvua kubwa, gari la shule lilisombwa na maji jijini Arusha na wanafunzi wakafariki. Safari zote mbili zilikuwa za kielimu na za kawaida kabisa. Matukio hayo yanakumbusha kwamba lengo jema la safari halitoshi kumlinda mtoto. Hali ya gari, uzoefu wa dereva, barabara na hali ya hewa vinapaswa kukaguliwa kabla ya mtoto kupanda.

Hatari ya tatu ni gari lililoegeshwa. Mlezi anayemwacha mtoto ndani ya gari akiingia dukani mara moja hujiona amemwepusha na barabara. Kumbe gari lililofungwa vioo juani hupata joto haraka: linaweza kuongezeka takriban nyuzi 10 za Selisiasi ndani ya dakika 10 tu, na mwili wa mtoto mdogo hupata joto kwa kasi kuliko wa mtu mzima. Kuacha kioo wazi kidogo hakuondoi hatari hiyo. Mtoto hapaswi kuachwa peke yake ndani ya gari, kwa muda wowote ule.

Hatari ya nne ni maji. Ufukwe, mto, bwawa, lambo, kisima kisicho na mfuniko na hata ndoo iliyojaa maji vinaweza kumzamisha mtoto mdogo kwa muda mfupi na bila kelele. Wanaopeleka watoto ufukweni katika Bahari ya Hindi au kando ya Ziwa Victoria wanapaswa kuwa na mtu mzima ambaye kazi yake pekee ni kuwatazama watoto, bila simu mkononi na bila jukumu lingine.

Hatari ya tano ni umati. Masoko makubwa, vituo vya mabasi, na maonesho kama ya Sabasaba na Nanenane ni mahali ambapo mtoto anaweza kupotea kwa kugeuza shingo tu. Mtoto wa miaka mitatu huweza kutaja jina la mama yake kuwa ni "mama" na anapoishi kuwa ni "nyumbani". Asipokuwa na alama yoyote ya kumtambulisha, kumrejesha kwao huchukua saa nyingi. Yapo pia magonjwa yanayoenea haraka penye msongamano na uchafu, hasa yale ya kuhara pale mtoto anapolishwa chakula cha njiani bila kunawa mikono.

Safari ni ya nani?

Kwa kuzingatia faida na hatari hizo, mlezi anaweza kujiuliza swali moja kabla ya kufungua mlango: safari hii ni ya nani?

Ikiwa safari ni ya mtoto, kila kitu hupangwa kwa kumfuata yeye. Muda huwekwa asipokuwa na njaa wala usingizi. Mwendo ni wake. Akichoka, watu hupumzika, akiuliza, hujibiwa. Mlezi hana mzigo mwingine wala miadi mingine. Matembezi ya namna hii, kwenda kuona bustani, kutembelea Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam, kuangalia ng'ombe kwa jirani au kuzunguka tu uwanja wa mtaa, yanafaa kuwa sehemu ya ratiba ya kila mlezi.

Ikiwa safari ni ya mtu mzima, mambo hugeuka. Mlezi anakwenda kulipia bili, kusuka nywele, kufuatilia mkopo katika kikundi, au kumwona mgonjwa hospitalini. Akili yake iko kwenye shughuli hiyo. Foleni inapokuwa ndefu, mtoto husubiri. Anapolia hunyamazishwa kwa pipi au simu. Katika safari hiyo mtoto hajifunzi jambo, na macho ya kumlinda hayapo. Mzazi hakumlipa mlezi ili mtoto wake akae saa mbili kwenye benchi la ofisi asiyoifahamu.

Lipo kundi la katikati, nalo ndilo lenye utata: shughuli za nyumba ambazo mlezi amepewa kuzifanya, kama kununua mboga gengeni au kumfuata mtoto mkubwa shuleni. Kwa mlezi mwenye mtoto mmoja au wawili, genge likiwa jirani na njia ikiwa salama, safari hiyo inaweza kufanywa kuwa ya mtoto: ataje rangi za mboga, ashike kitunguu, amsalimie muuzaji. Kwa mlezi mwenye watoto wengi, au njia yenye magari, busara ni kupanga manunuzi yafanyike kabla watoto hawajaletwa au baada ya kuondoka. Kwa kituo kilichosajiliwa, shughuli za manunuzi hazipaswi kuwahusisha watoto hata kidogo. Kituo kiwe na mtu wa kutumwa.

Ridhaa na taarifa kwa mzazi

Mzazi anapomkabidhi mtoto asubuhi, anaamini kwamba wakati wowote wa siku anajua mtoto wake yuko wapi. Imani hiyo ndiyo msingi wa huduma yote. Mlezi anayemtoa mtoto bila taarifa, hata akirudi naye salama, ameivunja. Likitokea la kutokea, kama moto, mafuriko au dharura ya kifamilia, mzazi atakimbilia mahali ambapo mtoto hayupo.

Kwa hiyo, makubaliano yafanyike siku ya kwanza, na kwa vituo yawe ya maandishi. Yataje sehemu ambazo mtoto anaweza kupelekwa bila kuulizwa kila mara, kama vile uwanja wa mtaa. Sehemu zinazohitaji ruhusa ya kila safari, kama vile ufukweni au makumbusho. Na sehemu ambazo haruhusiwi kupelekwa kabisa. Yaeleze usafiri utakaotumika na namba za simu za watu wawili wa kupigiwa iwapo mzazi hapatikani. Kwa msaidizi wa nyumbani, mazungumzo ya wazi kati yake na mwajiri yanatosha, mradi kila mmoja ayaelewe na kuyaheshimu.

Ridhaa hiyo ihusu pia picha. Ni kawaida kwa vituo kupiga picha za watoto wakiwa matembezini na kuzisambaza katika mitandao ya kijamii. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za mtoto zinahitaji uangalifu wa pekee. Picha inayoonesha sura ya mtoto, jina la kituo na mahali alipo kwa wakati huo inaweza kumfikia mtu asiye na nia njema. Mzazi aulizwe kwanza, na picha zisisambazwe wakati safari bado inaendelea.

Maandalizi kabla ya kutoka

Matembezi salama huanza siku moja kabla. Mlezi apite njia atakayotumia, aone mahali pa kuvukia, vyoo, kivuli na maji safi ya kunywa. Afuatilie utabiri unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hasa wakati wa masika na vuli, na aahirishe safari panapotolewa tahadhari ya mvua kubwa au upepo mkali. Kuahirisha safari hakumpunguzii mlezi heshima.

Idadi ya walezi iongezeke kila umri wa watoto unaposhuka. Watoto wachanga hubebwa, hivyo kila mmoja anahitaji mtu wake au kigari chake. Watoto wanaoanza kutembea wanahitaji kushikwa mkono. Wakubwa kidogo wanaweza kutembea wawiliwawili, mlezi mmoja akiwa mbele na mwingine nyuma. Idadi ya walezi inayotosha ndani ya kituo haitoshi barabarani, kwa kuwa nje hakuna kuta wala geti.

Kila mtoto avae kitu chenye namba ya simu ya kituo au ya mlezi, bila kuonesha jina lake waziwazi kwa kila mpita njia. Sare au fulana za rangi moja inayong'aa husaidia kuwatambua kwa haraka. Mlezi abebe orodha ya watoto waliotoka, na nakala ibaki kituoni. Watoto wahesabiwe wakati wa kutoka, wakati wa kufika, kila wanapohama sehemu, kabla ya kurudi na baada ya kurudi. Kwa safari ya gari, mtu mmoja apite kiti kwa kiti kuhakikisha hakuna aliyesinzia akaachwa.

Mkoba wa safari uwe na maji, chakula kilichoandaliwa nyumbani, nepi na nguo za kubadilisha, sabuni, sanduku dogo la huduma ya kwanza, na dawa za mtoto yeyote mwenye pumu, kifafa, selimundu au mzio, pamoja na maelekezo ya mzazi kuhusu matumizi yake. Simu iwe na chaji na salio.

Mtoto mwenye ulemavu asiachwe nyuma kwa kisingizio cha ugumu wa safari. Sheria inakataza ubaguzi dhidi ya mtoto. Kama sehemu iliyopangwa haifikiki kwa kiti mwendo, inafaa kuchagua sehemu nyingine ambayo watoto wote wataifikia.

Mlezi ambaye naye ni mtoto

Suala hili haliwezi kujadiliwa bila kugusa ukweli mmoja. Katika baadhi ya nyumba, anayeachiwa mtoto ni msichana mdogo ambaye naye anahitaji malezi. Kwa mujibu wa sheria za nchi, umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, na hata baada ya umri huo mtoto haruhusiwi kufanya kazi inayohatarisha afya, elimu au makuzi yake. Kumtaka mtoto wa miaka 12 avuke barabara akiwa amembeba mwingine mgongoni kwa kanga na ndoo kichwani ni kuwahatarisha watoto wawili kwa pamoja. Hakuna orodha ya maandalizi inayoweza kurekebisha hali hiyo, isipokuwa kumrejesha shuleni na kutafuta mlezi mtu mzima.

Mzazi aulize nini

Mzazi naye ana sehemu yake. Kabla ya kumwandikisha mtoto, aulize iwapo kituo kimesajiliwa. Nani hubaki na watoto mlezi mmoja anapotoka. Watoto hutoka mara ngapi na kwenda wapi. Hutumia usafiri gani. Na nini hufanyika mtoto akiumia. Mtoa huduma mwenye utaratibu hujibu bila kusita. Jioni, mzazi amuulize mtoto mwenyewe siku ilikwendaje na amsikilize, kwa maana watoto husema mengi wanapopewa nafasi.

Vilevile, mzazi asimwekee mlezi mazingira ya kulazimika kutoka. Nyumba isiyo na chakula, mkaa wala vocha ya simu humsukuma msaidizi kwenda dukani na mtoto, kisha analaumiwa kwa kwenda. Mahitaji ya siku yakiachwa tayari asubuhi, safari nyingi zisizo za lazima huondoka zenyewe.

Mtu yeyote anayemwona mtoto ameachwa peke yake, amepotea au anafanyiwa ukatili anaweza kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji, kwa Afisa Ustawi wa Jamii, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha Polisi, au kupiga simu ya huduma kwa mtoto namba 116, ambayo haina malipo. Wajibu huo ni wa jamii nzima.

Kwa mama mwenye watoto watano na mtungi mtupu, jibu sasa linaonekana. Hawezi kuwaacha, na hawezi kuvuka nao. Anachoweza ni kumpigia simu muuza gesi alete mtungi mlangoni, au kumwomba jirani mtu mzima, anayefahamika kwa wazazi, aende badala yake. Uji utachelewa kidogo na watoto watalalamika. Jioni, wakati hakuna haraka na mlezi wa pili amefika, mtoto yule wa miaka minne aliyevaa kandambili tangu asubuhi atatolewa nje, ashikwe mkono, aoneshwe mtaa wake.